Patty Smith Hill: Mwalimu aliyejifunza kwa kuwatazama watoto

Wimbo wa siku ya kuzaliwa unaoimbwa kote duniani, kuanzia Mombasa hadi Muscat, ulianza kama salamu ya asubuhi ya watoto wa chekechea katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Muziki wake ulitungwa na Mildred Hill, na maneno ya salamu hiyo yakatungwa na mdogo wake, mwalimu Patty Smith Hill.

Wengi wanaujua wimbo, wachache wanamjua mwalimu. Alifariki dunia mwaka 1946 akiwa na umri wa miaka 78, lakini swali alilolishughulikia maisha yake yote halijafungwa hadi leo. Je, mwalimu bora ni yule anayefuata kitabu cha wakuu wake bila kukosea, au ni yule anayetafakari kila siku juu ya yale aliyoyaona kwa wanafunzi wake, kisha akabadilika?

Swali hilo linawahusu pia Waafrika Mashariki walioko ughaibuni. Tangu miaka ya 1990 miji ya Louisville, Columbus katika jimbo la Ohio, na Buffalo katika jimbo la New York imepokea maelfu ya wakimbizi kutoka Somalia, Burundi na mashariki mwa Kongo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika katika shule zake. Watoto wa familia hizo huingia katika madarasa ya awali ambayo namna yake ya kufundisha inatokana, kwa kiasi kikubwa, na kazi ya mwanamke huyu.

Malezi ya Anchorage

Patty Smith Hill alizaliwa tarehe 27 Machi mwaka 1868 katika kitongoji cha Anchorage, nje kidogo ya Louisville, miaka mitatu tu baada ya kumalizika kwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Baba yake, William Wallace Hill, alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri na mwanzilishi wa shule ya wasichana ya Bellewood. Mama yake, Martha Smith Hill, alikuwa mwanamke msomi katika zama ambazo elimu ya mwanamke ilionekana kuwa pambo tu.

Wazazi hao walikuwa na msimamo usio wa kawaida. Baba aliwausia binti zake wawe na kazi ya kujitegemea, wala wasiolewe kwa sababu tu ya kutafuta mahali pa kuishi. Mama naye aliamini kwamba mchezo ni haki ya mtoto. Uani kulikuwa na mapipa, mbao na matofali, na watoto wake sita waliachwa wajenge watakacho.

Neema hiyo haikudumu. Familia ilihama kwenda majimbo ya magharibi, na mwaka 1878 baba akafariki dunia. Mjane na watoto wake walirudi Kentucky wakiwa katika dhiki. Usia wa baba ukawa sasa jambo la lazima, kwani mabinti wa Hill walipaswa kufanya kazi ili waishi. Ikumbukwe kwamba haki ya wanawake kupiga kura haikuingizwa katika katiba ya Marekani hadi mwaka 1920, na milango ya ajira iliyokuwa wazi kwao ilikuwa michache. Ualimu ulikuwa mmojawapo.

Zawadi za Froebel

Mwaka 1887, alipokuwa na umri wa miaka 19, Patty alimaliza masomo yake ya sekondari na kujiunga na chuo kipya cha walimu wa chekechea mjini Louisville. Mkufunzi wake alikuwa Anna Bryan, mzaliwa wa mji huohuo aliyekuwa amerejea kutoka Chicago alikosomea kazi hiyo.

Chekechea wakati huo ilikuwa na baba mmoja, naye ni Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefariki mwaka 1852. Froebel alikuwa amebuni vifaa alivyoviita zawadi, yaani mipira midogo ya sufi yenye rangi, tufe, silinda na mchemraba wa mbao, na michemraba iliyogawanywa vipande vidogo. Kwake yeye, kila umbo lilikuwa na maana ya ndani, na mtoto aliyelishika alikuwa akiugusa umoja wa maumbile ya Mungu.

Froebel mwenyewe alikuwa mtazamaji makini wa watoto. Wafuasi wake, hata hivyo, waliyashika matokeo ya tafakuri yake wakaiacha tafakuri yenyewe. Katika vyuo vingi walimu wanafunzi walijaza madaftari maelekezo ya hatua kwa hatua. Darasani watoto waliketi mbele ya meza zilizochorwa mistari ya miraba, wakasogeza vipande vyao kwa amri, wote kwa pamoja, na kuvirudisha sandukuni kwa utaratibu uleule. Aliyejenga kitu kingine alihesabiwa kuwa amekosea.

Bryan na mwanafunzi wake waliona jambo ambalo kila mwalimu angeweza kuliona kama angetazama. Watoto walichoka. Walipoachiwa vipande vilevile bila amri, walijenga mambo ya maisha yao wenyewe, kama vile samani za wanasesere, nyumba na maduka. Walimu hao wawili wakaanza kuwauliza watoto wangefanya nini na vifaa hivyo, kisha wakatafakari majibu waliyoyapata.

Mwaka 1890 Bryan aliwahutubia walimu wa taifa zima mjini St. Paul, Minnesota, akieleza kwamba kushikilia herufi ya mafundisho ya Froebel kulikuwa kunaua roho yake. Hotuba hiyo iliwaudhi wengi. Lakini pia iliwafanya wageni wafunge safari kwenda Louisville kujionea wenyewe. Bryan alipoondoka mwaka 1893, chuo kikawa mikononi mwa Patty Smith Hill, aliyekuwa na umri wa miaka 25.

Wimbo uliosahihishwa na watoto

Mwaka huohuo Patty na dada yake Mildred walichapisha mjini Chicago kitabu cha nyimbo za watoto, na ndani yake mlikuwamo ile salamu ya asubuhi. Namna nyimbo hizo zilivyotungwa inaeleza mengi kuhusu ualimu wa Patty kuliko umaarufu wake wa baadaye.

Nyimbo nyingi za chekechea za wakati huo zilikuwa ngumu kwa sauti na nzito kwa maneno. Mildred, mwanamuziki stadi, alitunga sauti, na Patty akatunga maneno. Kisha wimbo ulipelekwa darasani. Watoto waliposhindwa kufikia sauti fulani, au walipojikwaa katika neno, kosa halikuwa lao. Wimbo ulirudishwa nyumbani, ukarekebishwa, na kesho yake ukajaribiwa tena, hadi hata mtoto mdogo kabisa akaweza kuuimba bila taabu. Kwa maneno mengine, watoto ndio waliokuwa wasahihishaji.

Baadaye maneno ya siku ya kuzaliwa yaliingia mahali pa yale ya salamu, na wimbo ukasambaa duniani. Kwa miongo mingi makampuni yalitoza ada kwa matumizi yake ya kibiashara. Ni mwaka 2015 tu ndipo jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Los Angeles alipoamua kwamba kampuni iliyokuwa ikidai haki hiyo haikuwa na hakimiliki halali ya maneno yake, na mwaka 2016, kufuatia maridhiano mahakamani, wimbo ukawa mali ya umma.

Mildred, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na jambo jingine la kukumbukwa. Aliusikiliza kwa makini na kuuandikia makala muziki wa Wamarekani weusi wa Kentucky, wakati ambapo wenzake wengi waliudharau. Haya yalitendeka katika jimbo ambalo katiba yake ya mwaka 1891 iliamuru shule za weupe na weusi zitengwe, na ambalo mwaka 1904 lilipitisha sheria iliyopanua utengano huo hadi katika vyuo vya binafsi. Uhuru wa mtoto uliokuwa ukijadiliwa Louisville ulikuwa na mipaka ya rangi, na historia haina budi kulitaja hilo.

Majira ya joto ya mwaka 1895

Kama Hill angetosheka na sifa za Louisville, huenda naye angegeuka mkuu mwingine wa kufuatwa. Badala yake alikwenda kusoma kila alipopata likizo. Alijifunza kwa Francis Parker, mkuu wa chuo cha ualimu karibu na Chicago, na alifuatilia kwa karibu fikra za mwanafalsafa John Dewey.

Mwaka 1895 mwanasaikolojia G. Stanley Hall, wa Chuo Kikuu cha Clark katika jimbo la Massachusetts, aliwaalika viongozi wa chekechea kujadili utafiti mpya wa ukuaji wa mtoto. Hall aliwaeleza bila kuficha kwamba vipande vyao vidogo havifai kwa vidole vya watoto wachanga, kwani misuli mikubwa ya mwili hukomaa kabla ya ile midogo. Wageni wengi walikasirika wakaondoka. Bryan na Hill walibaki.

Kubaki huko hakukuwa jambo dogo. Aliyeyasema hayo alikuwa akiibomoa elimu ambayo walimu hao waliipata kwa jasho na kuilisha jamii yao. Lakini Hill alirudi Louisville na kuitazama upya mikono ya watoto wake. Miaka kadhaa baadaye alibuni vipande vikubwa vya mbao, ambavyo watoto walivibeba kwa mikono miwili, wakavifunga pamoja na kujenga nyumba za kuingia wenyewe. Kipande kimoja kilikuwa kizito kwa mtoto mmoja, hivyo walilazimika kusaidiana. Vipande hivyo vilijulikana kwa jina lake katika shule za Marekani.

Mimbari moja, walimu wawili

Mwaka 1905 mkuu wa Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, James Earl Russell, alifanya jambo ambalo wakuu wachache wa vyuo wangethubutu. Alimwalika Hill atoe mihadhara sambamba na Susan Blow, bingwa wa Marekani wa mafundisho ya asili ya Froebel, na mwanzilishi wa chekechea ya umma mjini St. Louis mwaka 1873.

Blow alikuwa msomi wa hali ya juu, mzee kwa Hill kwa takriban miaka 25. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Aliamini kwamba mtoto anahitaji kukabidhiwa urithi wa fikra kubwa za binadamu, na kwamba mwalimu anayefuata matakwa ya mtoto anamnyima urithi huo. Hill naye alishikilia kwamba urithi hauwezi kupokewa na mtoto asiyeelewa anachopewa. Wanafunzi walewale waliwasikiliza wote wawili, kisha wakaachiwa kazi ya kupima.

Mwaka 1909 Blow aliondoka, na mwaka uliofuata Hill akawa mkuu wa idara. Hata hivyo mjadala haukuishia hapo. Kamati ya wajumbe 19 iliyoundwa mwaka 1903 na umoja wa kimataifa wa walimu wa chekechea ilishindwa kukubaliana, na mwaka 1913 ikachapisha kitabu kimoja chenye ripoti tatu, ya Blow, ya Hill na ya waliosimama katikati. Walimu walioshindwa kuafikiana waliheshimiana kiasi cha kuziweka tofauti zao ndani ya jalada moja.

Chuoni hapo Hill alikuwa jirani wa Dewey, aliyehamia Columbia mwaka 1904. Mwaka 1910 Dewey alitoa kitabu kuhusu namna binadamu anavyofikiri, kilichokuja kuwa msingi wa kile ambacho vyuo vya ualimu hukiita leo ufundishaji wa tafakuri. Kwa maelezo yake, kufikiri kwa kweli huanza pale mtu anapokwama. Hukusanya ushahidi, hupendekeza jibu, kisha hulijaribu jibu hilo kwa vitendo kabla ya kuliamini. Msomaji wa kitabu hicho anaweza kuiona humo kazi ya akina dada wa Hill na wimbo wao wa asubuhi.

Tafakuri inapogeuka orodha

Maisha ya Hill hayana ushindi mtupu. Mwaka 1922 alipandishwa cheo na kuwa profesa kamili, na mwaka 1923 walimu waliofanya kazi chini ya uongozi wake walichapisha mtaala wa chekechea na darasa la kwanza uliopata umaarufu mkubwa. Ulitokana na majaribio ya miaka mingi katika shule ya Horace Mann, iliyokuwa chini ya chuo hicho.

Mtaala huo uliathiriwa na mwanasaikolojia Edward Thorndike, aliyekuwa akifundisha hapohapo, na ambaye aliamini kwamba kujifunza ni kujenga mazoea yanayoweza kupimwa. Kwa hiyo kila shughuli ya mtoto iliandikwa sambamba na badiliko lililotarajiwa katika mawazo, hisia na mwenendo wake. Nia ilikuwa kumsaidia mwalimu atazame vizuri zaidi. Lakini orodha ina tabia yake. Mwalimu aliyechoka huanza kuitazama orodha badala ya kumtazama mtoto. Yule aliyewakomboa walimu kutoka madaftari ya Froebel alikuwa amewapa, bila kukusudia, daftari jingine.

Hatari ya upande wa pili ilioneshwa kutoka Columbus. Boyd Bode, mwanafalsafa wa elimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio tangu mwaka 1921, alikuwa rafiki wa mageuzi, si adui. Hata hivyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 aliwaonya wanamageuzi kwamba matakwa ya mtoto peke yake hayawezi kuwa dira ya elimu. Mwalimu, alisisitiza, lazima ajiulize anajenga jamii ya namna gani, na kwa nchi ya kidemokrasia swali hilo halikwepeki. Kutazama bila kujua unatafuta nini nako ni kupotea.

Kati ya orodha na upepo huo ndipo mwalimu hulazimika kusimama. Kazi ya Hill mwenyewe inaonesha kwamba kusimama hapo si jambo linalofanywa mara moja likaisha.

Watoto wa mdororo

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliirudisha kazi ya Hill mahali ilipoanzia, yaani kwa watoto wa maskini. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1926, alikuwa tayari amewakusanya wataalamu waliotofautiana ili kuweka viwango vya shule za watoto wadogo zilizokuwa zikichipuka ovyo. Juhudi hizo zilizaa chama cha kitaifa ambacho, kwa jina lililobadilishwa mwaka 1964, ndicho kinachotambuliwa leo kuwa sauti kuu ya elimu ya awali nchini Marekani.

Katika miaka ya 1930 serikali ilipofungua shule za dharura za watoto ili kuwaajiri walimu waliokosa kazi na kuwalisha watoto wenye njaa, ujuzi wa Hill ulihitajika. Alistaafu mwaka 1935, lakini aliendelea kuwahudumia watoto wa mitaa ya kipato cha chini jirani na chuo chake. Hakuolewa. Alifariki mjini New York tarehe 25 Mei mwaka 1946, na akazikwa Louisville, katika makaburi ya Cave Hill.

Urithi unaosafiri

Katika Afrika Mashariki swali lake limejibiwa kwa njia mbalimbali. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alilalamikia elimu inayomfanya mwanafunzi apokee badala ya kuhoji. Katika miaka ya 1980, mjini Mombasa, Bi Swafiya Said aliwafunza wanawake wa kawaida wa pwani kuwa walimu wa shule za awali za madrasa, wakitumia vifuu vya nazi, kombe za baharini na vizibo vya chupa, pamoja na hadithi na nyimbo za Kiswahili. Mpango huo, uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, ulifika Zanzibar na Uganda katika miaka ya 1990. Hawakuhitaji zawadi za Froebel wala vipande vya Hill. Walihitaji mwalimu anayetazama mkono wa mtoto na kujua unachoweza kushika.

Wahenga husema samaki mkunje angali mbichi. Hill asingeupinga msemo huo, lakini maisha yake yanaongeza sharti: anayekunja ajue kwanza amemshika samaki gani.

Sharti hilo lina uzito leo katika madarasa ya Louisville, Columbus na Buffalo. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, au katika ile ya Dadaab nchini Kenya, anaweza kuingia chekechea ya Marekani bila kutamka neno kwa majuma mengi. Kwa mwalimu wa orodha, visanduku vyake vitabaki vitupu, na mtoto ataandikwa kuwa mzito wa kuelewa. Mwalimu anayetafakari atauliza kwanza kama ukimya huo ni upungufu wa akili, ugeni wa lugha, au ni adabu aliyofunzwa mtoto huyo mbele ya wakubwa. Kisha atajaribu njia nyingine kesho asubuhi, kama wimbo ulivyojaribiwa Louisville mwaka 1893.

Wazazi nao wana nafasi yao. Hakuna mwalimu mgeni, hata awe makini namna gani, anayeweza kuuelewa ukimya huo asipoelezwa na wale wanaomfahamu mtoto.